Kicheko cha Kashasha na Vijana wa Nyamisangura

Katibu wa chama chetu aliponiandikia kunitaka nitoe makala ya historia kwa toleo hili la mkutano, nadhani alitazamia habari za walimu wakuu waliopita na za timu ya mpira iliyopata kutuletea kombe. Habari hizo zipo, na wako wenzangu wanaozijua kuniliko. Mimi nimeomba ruhusa niandike juu ya historia ya namna nyingine, ambayo haina kombe wala picha ukutani: jinsi shule za pande hizi za ziwa zilivyokutana na taabu za moyo na akili za vijana, na jinsi zilivyozipokea au zilivyozikwepa.

Yanipasa nianzie ng'ambo ya pili ya ziwa, kwa ndugu zetu Wahaya. Tarehe 30 Januari 1962, siku 52 tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu wa shule ya kati ya misheni katika kijiji cha Kashasha, maili 25 hivi kutoka mjini Bukoba, walianza kucheka. Walicheka wakashindwa kunyamaza, kisha wakalia, kisha wakacheka tena. Wengine waliokuwa karibu nao wakashikwa na hali hiyo hiyo. Kwa baadhi yao ilidumu saa chache, na kwa wengine ilidumu siku kadhaa, hata kufikia siku 16. Walipojaribu kuzuiliwa kwa nguvu baadhi yao walipigana, wakisema kwamba wanaogopa, kwamba kuna kitu kinawafuata. Kufikia tarehe 18 Machi wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameguswa, wote wakiwa na umri wa baina ya miaka 12 na 18. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa. Siku hiyo shule ikafungwa.

Wahaya waliupa ugonjwa huo jina la enwara yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka. Kama kawaida ya wanadamu, kila mtu alitafuta sababu kwa jinsi alivyoelewa dunia yake. Wako waliosema unga wa mahindi umetiwa sumu. Wengine walisema hewa imechafuliwa na mabomu ya atomiki ambayo mataifa makubwa yalikuwa yakiyajaribu siku hizo. Daktari Rankin wa Makerere na Daktari Philip, aliyekuwa mganga wa Bukoba, walipima damu, wakapima maji ya uti wa mgongo, wakachunguza na chakula. Hawakuona kitu. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 1963, nami niliisoma kwa mara ya kwanza nikiwa Chuo Kikuu, Mlimani, nikitafuta habari nyingine kabisa. Walikata shauri kwamba hayo yalikuwa maradhi ya hofu yaliyoenea kutoka mtu mmoja hadi mwingine, bila mdudu wala sumu. Hakuna aliyekufa.

Naomba msomaji atulie kidogo katika jambo linalofuata, maana nitalirudia. Shule ilipofungwa mwezi Machi, wasichana walirudishwa makwao, na ugonjwa ukarudi pamoja nao. Katika kijiji cha Nshamba, ambako baadhi ya wasichana hao ndiko kulikokuwa kwao, watu 217 walipatwa katika miezi ya Aprili na Mei, wengi wao wakiwa vijana na watoto wa shule, wa kike na wa kiume. Shule ya Kashasha ikafunguliwa tena tarehe 21 Mei. Wengine 57 wakaanza kucheka na kulia, na mwishoni mwa Juni ikafungwa mara ya pili. Katika mwezi huo huo wa Juni, shule ya kati ya Ramashenye, pembeni mwa mji wa Bukoba, ilipata wagonjwa 48 kati ya wasichana wake 154. Nayo ikafungwa. Msichana mmoja akaenda kwao Kanyangereka, na huko jamaa zake wakashikwa, hata shule mbili za wavulana zikalazimika kufungwa. Kwa maneno mengine, dawa ya pekee waliyokuwa nayo wakubwa, yaani kuwarudisha watoto nyumbani, ndiyo iliyokuwa gari la ugonjwa.

Katika nchi za nje habari hii imekuwa kama kichekesho. Huwekwa katika vitabu vya mambo ya ajabu, pamoja na mvua ya samaki na mengineyo. Mimi binafsi huona haya kuisoma katika sura hiyo. Mtaalamu wa lugha mmoja, Christian Hempelmann, alipoipitia habari hii upya mwaka 2007 alionyesha kwamba kicheko hicho hakikuwa na furaha hata chembe, bali kilikuwa dalili mojawapo kati ya nyingi: kulia, maumivu, kuzirai, kukosa pumzi na kukimbia ovyo. Walikuwa watoto waliobanwa. Walikuwa katika shule ya bweni yenye amri kali, mbali na mama zao, katika nchi iliyokuwa imeambiwa majuma machache tu nyuma kwamba sasa yote yatategemea wasomi wake.

Aliyelieleza jambo hili vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni daktari wa watoto aliyefanya kazi Dar es Salaam, G. J. Ebrahim. Mwaka 1968 aliandika juu ya matukio matatu ya namna hii katika shule za Afrika ya Mashariki. Alisema kwamba mtoto wa shule za kwetu huishi chini ya mabwana wawili. Nyumbani analelewa katika mila za wazee ambazo haziulizwi swali, na shuleni anafundishwa mawazo yanayozipinga mila hizo moja kwa moja. Mtoto hana uwezo wa kumwacha bwana mmoja, wala hana wa kumweleza. Mwisho mwili husema kile ambacho kinywa hakiruhusiwi kusema.

Niliposoma maneno hayo sikuwaza juu ya Bukoba. Niliwaza juu ya Tarime.

Sisi tuliokulia Mara tunajua kwamba mtoto wa hapa ana kalenda mbili. Ya kwanza ni ya Wizara: muhula wa kwanza, muhula wa pili, mtihani. Ya pili ni ya wazee wa mila, na hiyo haibandikwi ukutani. Kwa Wakurya, katika miaka inayogawanyika kwa mbili, mwezi wa Desemba, shule zikiisha kufungwa, koo hutoa vijana wake kwenda jandoni, na mabinti wake kwenda kwa ngariba. Mtoto anayefunga shule mwezi huo akiwa wa tatu darasani huweza kurudi Januari akiwa mtu mwingine kabisa machoni pa jamaa zake: mvulana ni mtu mzima, msichana ni mke mtarajiwa, na ng'ombe wameanza kuhesabiwa. Asiyekwenda huitwa msagane. Wasomaji wa kwetu hawahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo likitamkwa kisimani mbele ya watu.

Si kwamba shule na mila vilikutana jana. Mwalimu Nyerere mwenyewe alichongwa meno kwa desturi ya Wazanaki, na mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, akapelekwa bweni Mwisenge, Musoma. Lakini wakati wake waliokwenda shule walikuwa wachache, na ukoo uliweza kumwacha mtoto mmoja aende zake. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililoamua kwamba ifikapo mwaka 1977 watoto wote wa rika la shule wawe madarasani, mvutano huo uliingia katika kila nyumba. Nasema hivi bila kulilaumu Azimio. Mimi na wengi wenu tusingejua kusoma bila ya hilo. Ila lilihesabu madawati na walimu, na halikuhesabu jambo hili.

Sheria ilikuja baadaye. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, na adhabu yake ni kifungo cha miaka mitano hadi 15. Idadi imepungua, hilo ni kweli na tulishukuru. Takwimu za Serikali zinaonyesha kwamba kati ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini, waliokeketwa walikuwa asilimia 18 mwaka 1996 na asilimia 8 mwaka 2022. Kwa mkoa wetu wa Mara ilikuwa asilimia 32 katika uchunguzi wa mwaka 2015/16, na asilimia 28 mwaka 2022. Mtaona kwamba mwendo wetu ni wa kinyonga.

Jambo ambalo takwimu hizo hazisemi ni hali ya msichana aliyekataa. Wengi wao hukimbilia kituo cha Masanga hapa Tarime, au nyumba salama ya Mugumu, Serengeti, iliyofunguliwa mwaka 2014 na Mama Rhobi Samwelly, ambaye yeye mwenyewe alipitia kisu hicho na kunusurika. Tunawasifu wasichana hao, na wanastahili sifa. Lakini hebu tufikiri. Mtoto wa miaka 13 ametoka usiku, amepita mashamba, amekimbia. Amemkimbia nani? Simba hapana. Amemkimbia mama yake mzazi, shangazi yake, na baba ambaye ndiye anayemlipia sare. Msimu ukiisha viongozi hujaribu kumpatanisha na wazee wake. Wako wanaopokelewa, na wako wanaofungiwa mlango. Mwezi Januari anarudi darasani, na mwalimu wa hesabu anamwuliza kwa nini hakufanya zoezi la likizo. Mwalimu hana kosa, maana hajaambiwa kitu. Msichana naye hawezi kusema, kwa kuwa nusu ya darasa ni ndugu zake wa ukoo.

Nimeanza na wasichana kwa sababu habari zao angalau zinasemwa. Za wavulana hazisemwi kabisa, na hapa nadhani sisi wazee wa chama hiki tunazijua kuliko mtu yeyote. Mvulana wa Kikurya hufundishwa mapema kwamba kulia ni aibu, na kwamba maneno mengi ni ya wanawake. Akitoka jandoni hatarajiwi kuogopa kitu tena. Basi akiogopa afanyeje?

Wakati wetu palikuwa na mapigano ya koo, ambayo watu wa nje huyaita ugomvi wa mifugo na mipaka, nasi tunajua ni zaidi ya hapo. Rafiki yangu mmoja, tulioketi naye dawati moja, alikuwa wa koo iliyokuwa ikipigana na koo ya mjomba wake. Alikuwa hodari wa jiografia, ana uwezo wa kuchora ramani ya Afrika bila kutazama kitabu. Msimu ule akaomba abadilishiwe nafasi akae dirishani. Nilipomwuliza sababu alisema, "Naangalia barabara." Ndivyo alivyokaa muhula mzima, kalamu mkononi, macho barabarani, akitazama kama kuna mtu anakuja kumwita. Mtihani ulipofika hakuandika hata ukurasa mmoja. Hakuwa mgonjwa kwa maana ya zahanati, kwani hakuwa na homa. Leo, kwa haya niliyosoma, najua kwamba hali yake ina jina na ina tiba.

Siku hizi mapigano yamepungua, lakini wavulana wamepata mizigo mingine. Mgodi wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002 kule Nyamongo, umewavuta wengi kutoka madarasani kwenda kutafuta mawe ya dhahabu, na baadhi wamepoteza viungo na maisha. Bangi ipo, gongo ipo, na sasa ipo simu, ambayo usiku kucha inamwonyesha kijana maisha ya watu wengine na ushindi wa watu wengine wa kubahatisha mpira. Mvulana aliyebanwa hacheki kama wasichana wa Kashasha. Huvunja. Kwa majirani zetu wa Kenya, mwezi Machi 2001, moto uliowashwa katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, uliua wavulana 67, na walioshitakiwa walikuwa wanafunzi wenzao. Kabla ya moto palikuwa na manung'uniko juu ya matokeo ya mtihani yaliyofutwa na mambo mengine ya shule. Manung'uniko hayo yalijulikana.

Sasa niseme kidogo juu ya shule zenyewe. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, kila kata ilitakiwa ijenge sekondari yake. Wenye mzaha waliziita "yeboyebo", kwa kufananisha na ndala za plastiki. Mimi siupendi mzaha huo. Shule hizo zilifungua mlango kwa maelfu ya watoto ambao wangeishia darasa la saba, na ada ilipoondolewa mwaka 2016 mlango ukapanuka zaidi. Ila nyingi hazikuwa na mabweni. Mtoto anayetoka kijiji cha mbali hupangishiwa chumba mjini, ambacho wenyewe wanakiita geto, na hapa Nyamisangura vyumba vya namna hiyo hupatikana kwa urahisi. Anapika mwenyewe, analala mwenyewe, anaugua mwenyewe, na akiwa msichana basi kila mwenye pikipiki anajua anakolala. Hadi mwaka 2021, msichana aliyepata mimba alikuwa anafukuzwa shule moja kwa moja. Tarehe 24 Novemba mwaka huo Serikali ilitangaza kwamba anaweza kurudi baada ya kujifungua. Mlango uko wazi, lakini kurudi darasani ukiwa na maziwa yanayovuja na wenzako wakikutazama ni jambo linalohitaji mtu wa kukushika mkono.

Na mtu huyo ni nani? Wakoloni walituachia hospitali za wagonjwa wa akili, Lutindi kule Usambara tangu enzi ya Wajerumani, na Mirembe ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927. Labda ndiyo sababu hadi leo mzazi wa Tarime akisikia neno "akili" huona Dodoma, kuta, na mtu aliyefungwa kamba. Sheria ya Afya ya Akili ilipitishwa mwaka 2008, na Wizara imekwisha kuagiza kwamba kila shule iwe na mwalimu wa ushauri nasaha. Mwalimu huyo kwa kawaida ndiye anayefundisha pia Kiswahili na Historia, anasimamia mazingira, na hana chumba. Ushauri hutolewa chini ya mti au katika ofisi ya walimu wote, mbele ya watu wanane. Nani atasema lake hapo?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya kila saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo fulani la afya ya akili. Darasa la wanafunzi 70, ambalo kwetu si ajabu, basi litakuwa na kumi wa namna hiyo. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Hao nao wamo katika darasa hilo hilo, wamevaa sare, wanaitika jina likiitwa.

Hapa ndipo ninaporudi Kashasha. Silaha ya kwanza ya shule zetu, tangu nilipokuwa mwanafunzi hadi sasa, ni kumwambia mtoto aende nyumbani arudi na mzazi. Akizubaa, nyumbani. Akigoma kusema, nyumbani. Wakianguka wasichana na kupiga kelele, kama walivyozirai wapatao 20 kule Tabora mwaka 2008 katikati ya mtihani wa kumaliza darasa la saba, huitwa waganga na waombaji, kisha nyumbani. Mara nyingi nyumbani ni pema na mtoto hupona huko. Lakini kwa yule msichana wa Desemba, na yule mvulana wa dirishani, nyumbani ndiko mzigo ulikotoka. Madaktari wale wawili waliliona hilo mwaka 1962 katika daftari zao: ramani ya ugonjwa ilifuata njia walizopita watoto waliorudishwa.

Wadogo zangu mnaosoma, kama katika haya yote mmoja wenu amejiona, hali hiyo si wazimu wala laana ya ukoo, na hospitali ya wilaya hapa mjini haiko mbali. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini. Akikupuuza, mwambie wa pili.

Kwa ndugu zangu wanachama nina hoja. Kamati yetu imependekeza kwamba michango ya miaka mitatu ijayo ijenge lango la matofali lenye jina la shule na majina ya wafadhili. Sina ugomvi na lango. Ila naomba tupime kwanza gharama ya vitu viwili: chumba kimoja chenye mlango unaofungika, viti vitatu na kabati la kufuli, kwa ajili ya mwalimu wa ushauri, na bweni dogo ambalo litabaki wazi mwezi Desemba, wakati mengine yote yanafungwa, katika miaka ile tunayoijua. Nimekwisha kuzungumza na fundi mmoja wa hapa Nyamisangura juu ya chumba, naye amesema msingi wa ile stoo ya zamani ya mahindi bado ni imara na unaweza kutumika. Makisio yake nimemkabidhi katibu pamoja na hoja yenyewe kwa maandishi, ili isomwe katika mkutano kabla ya suala la lango kupigiwa kura.